Mabua ya Dola 14 na Kanga Iliyoniponza: Ninavyopamba Nyumba Kuanzia Septemba Hadi Krismasi

Siku mbili baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, niliweka picha ya sebule yangu mtandaoni. Sikuwa na nia ya kujionyesha. Haya, nilikuwa nayo kidogo. Kabla sijamaliza kusugua masufuria, meseji zilikuwa zimejaa, na moja ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Dada mmoja aliyehamia hapa Ohio, Marekani, mwaka huu ameniuliza: "Dada, naona kila nyumba huku imepambwa tangu Septemba. Na mimi nataka yangu ipendeze. Nianzie wapi, na niandae kiasi gani?"

Mdogo wangu, ungeniuliza mwaka jana ningekudanganya.

Mwaka jana nilitumia dola 640. Nilizitumia kwa kadi ya mkopo, kidogo kidogo, leo 30, kesho 45, baba watoto asijue, kama mpishi anayeonja nyama mpaka wageni wanakuta mchuzi. Deni lenyewe nimelimaliza Mei. Na ukitaka kujua nilibaki na nini mkononi, ni boksi moja la taa ambazo nusu haziwaki.

Tuelewane kwanza kuhusu majira. Kwetu ukisema vuli mtu anafikiria mvua na jembe. Huku ni msimu wa majani kupukutika, unaanza tarehe 22 au 23 Septemba, na hapa Columbus ikifika katikati ya Oktoba miti ya mtaani inakuwa nyekundu na manjano hadi unasimamisha gari upige picha. Watu wanapanga maboga mlangoni. Tarehe 31 Oktoba ni Halloween, maboga yanachongwa macho na meno. Halafu inakuja Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, mezani bata mzinga, kila kitu rangi ya kahawia na chungwa. Kesho yake asubuhi, bata mzinga hajaisha kwenye friji, vyote vinang'olewa na kijani na nyekundu ya Krismasi inapanda ukutani. Nyumba inavuliwa na kuvishwa mara tatu ndani ya miezi mitatu. Na mimi, mshamba niliyechangamka, nikanunua seti zote tatu.

Oktoba ile tulikwenda Circleville, mji mdogo kusini mwa Columbus, chini ya saa moja kwa gari. Tangu 1903 wanafanya tamasha la maboga pale, siku nne, na maboga mengine ni makubwa kiasi kwamba yanabebwa kwa mashine. Nilipagawa. Njiani kurudi tulisimama kwenye kibanda cha mkulima, nikanunua maboga tisa, robota la majani makavu, na mafungu ya mabua ya mahindi kwa dola 14.

Ndiyo, mabua. Nikayafunga kwenye nguzo za kibarazani, nikampigia mama yangu kule Marangu, Kilimanjaro, kwa video nimwonyeshe.

"Hayo mabua ni ya nini?"

"Ya kupambia, mama."

"Umeyatoa wapi?"

"Nimenunua."

Akanyamaza. "Una ng'ombe?"

"Sina."

"Bei gani?"

Nikamwambia, na kwa hela yetu nikampigia hesabu. Hakunijibu. Akageuza simu, akaita, "Baba, hebu njoo umsikie mwanao."

Mpaka leo nikipiga simu nyumbani mdogo wangu ananiuliza kama mifugo yangu haijambo.

Sasa yale maboga. Kwa haraka yangu niliyachonga yote mara tu tulipofika nyumbani, watoto wafurahi. Boga ukishalitoboa ni sawa na papai ulilokata, muda wake umeanza kuhesabika. Ndani ya wiki yakaota ukungu. Kindi wakaja, wakayatafuna pua. Ikashuka baridi ya kugandisha usiku mbili tatu, mchana jua likayayeyusha, yakalala ngazini kama uji uliomwagika. Mume wangu aliyazoa kwa koleo, na ilipofika Thanksgiving sikuwa na boga hata moja mlangoni. Kumbe majirani wote walikuwa wamechonga moja au mawili tu, siku chache kabla ya Halloween, na mengine wameyaacha mazima. Boga zima, lisilo na jeraha, lenye kikonyo kilichokauka vizuri, linakaa kuanzia Septemba hadi Thanksgiving bila kukusumbua, baadaye unalipika kwa nazi na hiliki. Ila chagua yale madogo ya kupikia. Yale makubwa ya kuchongea ni uzuri wa mkakasi, ukiyapika ni maji matupu.

Nikwambie ya kanga sasa, maana hii ndiyo iliyoniuma.

Wifi yangu, dada wa mume, anaishi dakika 15 kutoka kwangu. Septemba ya mwaka jana, kwenye sherehe ya mtoto, mbele ya kina mama wa kikundi chetu, alisema nyumba yangu siku hizi ni kama ukumbi wa harusi ambao wapambaji wamesahau kurudi kuchukua vitu vyao. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Unajua kile kicheko ambacho meno yanaonekana na macho hayapo.

Thanksgiving ikafika, tulialika watu 14. Kwa meza nilitaka kitambaa cha rangi ya msimu, na kabatini nilikuwa na kanga ya chungwa na kahawia, doti nzima, haijavaliwa. Nikaitandika, nikaweka mishumaa, ikapendeza kuliko vitambaa vyote vya dukani. Wageni Wamarekani wawili wakaisifia, wakauliza yale maandishi yanasema nini. Yalikuwa yametulia katikati ya meza, upande wa kiti cha wifi: HASIDI HANA SABABU.

Nilisema niliichagua kwa sababu ya rangi. Mume wangu nilimwambia hivyo, mama mkwe kwenye simu nilimwambia hivyo. Leo naandika ukweli: kabatini kulikuwa na kanga nyingine ya rangi zile zile, iliyoandikwa mambo ya amani, na niliiona. Nikaikunja nikairudisha.

Wifi aliisoma, akamla bata mzinga wake polepole, akaondoka kabla ya pai. Krismasi hakuja. Pasaka hakuja.

Krismasi yenyewe ya mwaka ule naipita haraka maana hata kuikumbuka sipendi. Tulinunua mti mbichi aina ya Fraser, ile inayolimwa milimani North Carolina, dola 85, harufu yake kama asubuhi ya msituni juu kule kwetu. Hatukujua kwamba kabla ya kuuweka ndani lazima ukate upya kitako cha shina, kama sentimita 2 na nusu, kwa sababu utomvu unakuwa umeziba na mti haunywi. Siku ya kwanza mti uliokatwa vizuri unaweza kumaliza lita 4 za maji. Wetu haukunywa hata kikombe, tukadhani umeshiba. Kufikia tarehe 15 Desemba ulikuwa ufagio. Mti mkavu wenye taa za umeme ni hatari ya moto, tukautoa nje usiku, majirani wasione.

Nikakaa sebuleni peke yangu nikaukumbuka mti wetu wa utotoni. Tawi la msipresi kwenye ndoo ya mchanga, maputo matano, kadi za mwaka juzi zimening'inizwa kwa uzi, na pamba ya duka la dawa iliyochambuliwa iwe theluji. Theluji halisi tuliiona kila asubuhi ya anga safi, juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na bado tulibandika pamba. Gharama yake ilikuwa pamba tu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia ule mti ni mbaya.

Kwa hiyo mwaka huu nimefanya hivi. Januari, sikukuu zilipokwisha, nilizunguka madukani ambako vitu vya Krismasi vinauzwa nusu bei na chini ya hapo, nikanunua taa za LED na mipira ya rangi ya dhahabu tu. Dhahabu, kwa sababu inakaa na chungwa ya Oktoba na inakaa na kijani ya Desemba. Narudia, nunua Januari. Ukienda Oktoba unanunua kwa bei ya watu wenye haraka. Vikapu na chupa za vioo nimevitoa duka la mitumba. Maboga manne, mazima. Majani mekundu nimeokota mtaani na watoto, tukayabana ndani ya vitabu wiki moja. Machungwa nimekata vipande vyembamba, nikakausha kwenye oveni moto mdogo, kama nyuzi 95 za Selsiasi, kwa muda wa saa tatu hadi nne, ukivigeuza. Ukivitundika dirishani jua linapita ndani yake kama kioo cha kanisani. Mabua sikununua.

Na harufu. Wengi wanasahau kwamba nyumba inapambwa puani pia. Sufuria ndogo jikoni, maji, maganda ya chungwa, kijiti cha mdalasini, karafuu nane hivi, moto mdogo kabisa, na usiondoke ukaiacha peke yake. Wenyeji huku wanachomeka karafuu kwenye chungwa zima na kuliita pambo la Krismasi. Nilipoona nilifurahi, nikasema angalau kitu kimoja tumewauzia sisi.

Thanksgiving ilipopita sikung'oa kitu zaidi ya maboga na majani. Kitenge nilichotandika mezani safari hii kimebaki, machungwa yamehamia kwenye mti, mipira ya dhahabu ipo pale pale. Mti tumeukata kitako, na umekunywa. Jumla, dola 96 tangu Januari, na mzee mmoja wa mtaa huu, Mmarekani mwenye nyumba ya kutisha kwa uzuri, alisimamisha gari kuniuliza nani amenipambia. Nilimjibu kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia.

Jamani wanawake wenzangu, tunajitesa. Tunapambia macho ya watu, tunakopa ili jirani ageuze shingo, halafu tunalala na riba. Nyumba ni ya wanaolala ndani yake. Nunueni Januari, tumieni nguo zenu za kabatini, msichonge maboga mapema. Najua nimetoka kujisifu kwa gari lililosimama, niacheni.

Kwa hiyo dada uliyeniuliza, mwaka wako wa kwanza wa kupamba dola 50 zinakutosha. Maboga mawili, kitenge, karafuu na taa za Januari.

Pembeni ya mti wangu kuna chungu ambacho kwenye picha wengi mmekiuliza. Ni isale, mmea wa kwetu Uchagani. Niliukuta duka la bustani la hapa hapa Columbus, jamii ya dracaena, wanauuza kama mmea wa ndani, dola 19, na muuzaji hana habari. Aliyekulia Kilimanjaro haelezwi. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale lililofungwa fundo, umeomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Jumatatu nilikata jani moja, nikalifunga, nikaliweka juu ya sahani ya pai ya boga, nikawatuma watoto na baba yao kwa wifi. Jana sahani imerudi. Imeoshwa, ndani ina vitumbua sita, vingine bado vya moto.

Jani hakulirudisha.