Vijiwe vya Sikio la Samaki Hujengwaje?

SWALI: Kila nikipasua kichwa cha changu hukuta vijiwe viwili vyeupe. Je, ni chokaa iliyoganda tu, au mwili ndio unaoviunda?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, vijiwe hivyo, ambavyo humwezesha samaki kusikia na kutambua mkao wa mwili wake majini, ni kaboneti ya kalsiamu, yaani madini ya chokaa, karibu vyote. Protini ni asilimia chache tu ya uzito wake, lakini ndizo zinazoongoza ujenzi. Madini hayohayo yanaweza kujipanga kuwa fuwele (chembe zenye mpangilio maalumu) za aina tatu: aragonaiti, kalsaiti au vateraiti. Vijiwe vikubwa vya samaki wengi ni aragonaiti, ingawa katika mazingira ya kawaida kalsaiti ndiyo iliyo thabiti zaidi.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ulitolewa mwaka 2003 na watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliowachunguza samaki pundamilia. Walipopunguza protini moja katika viinitete, vijiwe vilivyopaswa kuwa laini na mviringo viliota ncha kama nyota, na fuwele zake zikawa za kalsaiti. Ndiyo maana protini hiyo inaitwa Starmaker, yaani mtengeneza nyota. Ina asidi amino (vijenzi vya protini) nyingi zenye chaji hasi, ambazo huvuta ayoni za kalsiamu, yaani chembe zake zenye chaji chanya. Protini nyingine, otolini, ambayo ni ya jamii ya kolajeni (protini ya nyuzi inayoshikilia ngozi na mifupa), hufanya kiunzi kinachoshikilia madini tabaka kwa tabaka, na tabaka hizo ndizo wataalamu wa uvuvi wanazozihesabu ili kujua umri wa samaki.