Roketi ya mota tatu, moja imegoma kuwaka

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Niko Columbus, Ohio na mwanangu wa miaka 13. Tumejenga roketi wenyewe, tyubu ya karatasi ngumu na mapezi ya mbao za balsa, inabeba mota tatu za baruti za kampuni ya Estes, aina ya C6-5, zinazowaka kwa pamoja. Jumamosi tulirusha, mbili zikawaka moja ikagoma, ilipotoka tu kwenye fimbo ya kurushia ikalala upande ikaenda kujichimbia kwenye nyasi. Kidhibiti chetu cha kuwashia mota ni kile cha betri nne za AA kilichokuja na seti ya kwanza. Je ile mota ilikuwa mbovu? Na Desemba naenda Mombasa, naweza kumbebea mpwa wangu mota chache?

JIBU: Waaleikum salaam kaka, na mpe pole kijana, manake najua inavyouma kuona kazi ya wiki nzima inaingia ardhini. Mota usiilaumu, mimi naanza na betri. Kazi yangu ni umeme na roketi za mota nyingi nimerusha miaka kadhaa, na karibu kila ninayoiona ikianguka hivyo shida inakuwa kwenye umeme, watu wanahangaika na mapezi na pua lakini waya hawauangalii.

Tupige hesabu kidogo. Kiwashio kimoja, kile kiwaya kinachoingizwa ndani ya mota kuiwasha, kinataka kama ampea 2 ndo kiwake haraka, kwa hiyo vitatu vikiwa sambamba unatafuta 6 kwa uchache. Betri nne za AA ni volti 6, sawa, lakini kila betri ina ukinzani wake ndani, yaani kinachozuia umeme kupita, kipimo chake ni omu, na zikichoka unapanda, zote nne ni rahisi kufika nusu omu na zaidi, halafu weka ule waya mwembamba, mita tano kwenda na tano kurudi, nao ni kama omu nzima kasoro kidogo. Ukigawa kinachobaki kwa vitatu kila kiwashio kinapata ampea moja na kitu. Kinaweza kuwaka, ndio, ila kwa kuchelewa.

Na huo uchelewaji ndo umekuangushia roketi. Viwashio havilingani hata vikitoka pakiti moja, kuna kimoja kitapata moto kwanza, na mota ya baruti haina habari ya kupasha joto, C6 inafika msukumo wake wa juu, kama nyutoni 14, ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Mbili zimeshika, roketi imeondoka, klipu za waya zimechomoka, na ile ya tatu ambayo ilikuwa inakaribia kuwaka imekatiwa umeme. Ilikosa muda tu.

Dawa yake ni betri ya volti 12 yenye nguvu, ya pikipiki inatosha kabisa, na waya mnene, ule wa geji 16 unauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hapo hata ukiwa na mita 9 za waya kila kiwashio kinapata zaidi ya ampea 5 na vyote vinawaka kwa mpigo. Ukitaka raha zaidi weka betri karibu na roketi na uiwashe kwa relei, ile swichi inayofungwa kwa umeme mdogo, waya mrefu unabaki wa kuamsha relei tu. Ila swichi ya usalama yenye ufunguo lazima iwepo, na ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka kila mtu amerudi nyuma.

Unganisha sambamba, yaani mguu mmoja wa kila kiwashio kwenye waya mmoja na miguu ya pili yote kwenye waya wa pili. Usiunganishe kwa mfululizo hata siku moja, cha kwanza kikiungua njia ya umeme imekatika na wenzake wanabaki baridi. Pima kila kiwashio kwa mita kabla hujakiingiza, halafu hakikisha ncha yake imegusa baruti kule ndani, ikibaki na nafasi hata ya milimita mbili tu, betri ya nguvu kiasi gani haitakusaidia.

Sasa roketi yenyewe. Mota tatu zilizopangwa pembetatu zinakaa vizuri kwenye tyubu ya ndani ya milimita 40 hivi, lakini hakuna hata moja iliyo katikati, kwa hiyo moja ikigoma msukumo unahama kama milimita 5 kutoka kwenye mhimili na roketi inageuka. Apollo 13, ile safari ya kwenda mwezini mwaka 1970, injini moja ya hatua ya pili ilizimika mapema wakati wa kupanda na bado walifika kwenye obiti, ilikuwa ile ya katikati, nne za pembeni zikaendelea kusukuma sawasawa. Wewe katikati huna kitu, kwa hiyo jenga ukijua ipo siku moja itagoma: C6-5 moja inaruhusiwa kuinua gramu 113, usihesabu tatu, hesabu mbili, roketi nzima na mota zake isizidi gramu 226. Na balansi ipimwe mota zikiwa ndani, zote tatu ni kama gramu 70 mkiani, ukipima bila hizo unajidanganya. Ongeza uzito kwenye pua kama inahitajika.

Mimi ningehamia pia kwenye C6-3, ile namba ya mwisho ni sekunde mota inazosubiri kabla ya kusukuma parachuti, roketi nzito haiendi juu sana na sekunde tano ni nyingi, parachuti inafunguka wakati inashuka tayari. Ziba kwa gundi zile nafasi kati ya tyubu za mota, la sivyo gesi ya kusukuma parachuti inatokea nyuma na parachuti inabaki ndani. Fimbo ya milimita 3 iache, tafuta ya milimita 5 au 6 yenye urefu wa mita na nusu.

Mota tatu za C kwa pamoja zihesabu kama mota kubwa kuliko D, herufi ikipanda nguvu inapanda, ukae mita 9, siyo zile 4 na nusu ulizozoea. Ukibonyeza kukawa kimya, toa ufunguo na usubiri sekunde 60 kabla hujasogea, na mtoto asitangulie.

Kuhusu Mombasa, hapana kaka. Mota za roketi haziruhusiwi kwenye ndege, si begi la mkononi wala la kukabidhi, hata moja, hata ukiifunga vipi. Mpelekee mpwa wako tyubu, pua na parachuti, hivyo havina shida, na mota waulizie huko huko kwa wenye mamlaka kabla hamjarusha chochote, Mombasa ndege zinapita chini sana zikienda kutua.