Uliza upana wa reli kabla hujalipa hata shilingi

Wewe wa Jinja unayetaka kumpeleka baba yako Uingereza mwezi wa nane akapande "mbele na dereva" kwenye garimoshi dogo la mvuke: usilipe kwanza. Umeuliza avae nini, kama ataruhusiwa kupiga video na simu, kama goti lake litamsumbua, na kama huyo wakala wa Kampala anaaminika. Mimi nakuuliza swali moja tu: kutoka chuma kimoja cha reli mpaka kingine ni milimita ngapi? Hujui. Na wakala wako hajui, nakuapia.

Baba mkwe wangu ni mtu wa relwe, wa kota za Nsambya. Ujana wake aliumalizia kwenye Garratt, zile injini ndefu zenye boila katikati na matangi ya maji mbele na nyuma. Kazi yake ilikuwa moto. Zetu zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo alishika vali badala ya koleo, na mpaka leo akiona moshi mweusi wa lori anatukana: "Huyo hajui kupima hewa!" Mke wangu alikuwa anasoma Uingereza, tukaona tumpe mzee zawadi kabla miguu haijagoma. Wakala mmoja mwenye tai nyekundu, ofisi juu ya duka la vitenge, akatuhakikishia: "Mzee atasimama na dereva, atatia makaa kwa mkono wake, itakuwa kama ile treni ya Kasese." Kama ile ya Kasese! Nikalipa.

Tulipofika, reli ilikuwa milimita 184. Yetu hapa ni 1000, mita kamili. Nilichuchumaa nikapima: shubiri yangu moja inavuka vyuma vyote viwili na kidole kinabaki. Injini yenyewe inafika kiunoni. Chumba cha dereva hakuna, na hakiwezi kuwepo. Dereva anakaa nyuma, juu ya kigari cha makaa, magoti karibu na masikio, anainama juu ya paa la injini kufikia vali na kamlango ka moto. Abiria wanapanda mabenchi ya nyuma, mguu huku na mguu huku. Sasa mwone mzee wangu: suti ya kijivu, tai, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na beji yake ya relwe kifuani. Aliizunguka ile injini polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kisha akaniambia, "Mkwe, hii ni sigiri."

Dereva alikuwa kijana mstaarabu, hana kosa. Alieleza kwamba mahali pa mtu wa pili hapapo kabisa, akampa mzee benchi la kwanza na kumruhusu apige filimbi. Mzee aliivuta ndefu mpaka watoto wakaziba masikio. Ndiyo faida pekee niliyopata kwa pesa ile. Niliporudi Kampala kudai, wakala akanijibu bila aibu: "Lakini si alikaa mbele?" Nilicheka, maana kulia mbele ya mtu mwenye tai kama ile ni kujidhalilisha.

Kwa hiyo ni upana, upana, upana. Hawa mawakala wanaziuza zote kwa jina moja, "treni dogo". Kwenye milimita 127 au 184 usitarajie kusimama popote. Kwenye 381 kuna chumba, ila bado dereva anakaa chini, na kwa kawaida yuko peke yake, anaendesha na kutia makaa mwenyewe. Mfano ni ile ya Kent kutoka Hythe mpaka Dungeness, iliyoanza 1927 na kufika Dungeness 1928, kama kilomita 22, injini zake theluthi ya zile kubwa. Au ya Ravenglass, ambayo ilianza na futi tatu, ikaja kupunguzwa mwaka 1915. Nzuri sana kutazama, lakini mwenye goti bovu ataingiaje humo na atatokaje?

Kama baba yako naye alifanya kazi kwenye Garratt, mpeleke Wales, njia ya Caernarfon mpaka Porthmadog. Reli ni 597 tu, lakini humo watu wanasimama, na injini ni Garratt zilizotoka Afrika Kusini, kadhaa zikiwa zimeundwa Manchester kwa Beyer Peacock, kiwanda kilekile kilichotuundia zetu. Laiti ningejua hilo kabla ya kukutana na tai nyekundu! Waandikie wenye reli moja kwa moja, uulize upana na kama mgeni anaruhusiwa kuingia alipo dereva, na jibu lije kwa maandishi. Pesa zikikataa, panda basi uende makumbusho ya reli Nairobi: Garratt namba 5918 ipo pale, tani 252, moja kati ya 34 za aina yake. Hata isipotembea, mzee hataiita sigiri.

Nguo ni pamba, cheche zinatoboa nailoni. Na huyo wakala wako, ofisi yake iko juu ya duka la vitenge? Nijibu inboksi leo, kabla hujaenda benki.