Mnunuzi akibadili bei mlangoni

Mnunuzi wa kitu kilichotumika ana haki ya kuomba apunguziwe. Hata mimi nikinunua naomba. Nisichokubali ni bei kubadilika baada ya kukubaliana, na hili linawaumiza sana watu wanaouza vitu vya nyumbani kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp hapa Dar.

Mmeandikiana, friji ni laki tatu na nusu. Jioni anafika na kirikuu, anaona mkwaruzo uleule uliomtumia picha yake, anaanza: "Dada, mimi nina laki mbili na nusu tu, na gari ya watu inanisubiri." Haraka hiyo ni yake. Mimi humjibu kwa upole: "Kaka, bei ni ile tuliyoandikiana. Kama haijatimia hakuna ubaya, utakuja siku nyingine." Nikisema hivyo niko tayari kweli friji ilale kwangu. Mara nyingi laki iliyokosekana huonekana hapohapo. Asiyeipata aende salama.

Ila huwezi kusimama hivyo kama umeficha kitu. Piga picha za kasoro mchana, andika kwamba mpira wa mlango umechoka au droo imepasuka. Akifika, aione friji inavyogandisha. Kama ni simu, bonyeza *#06# mbele yake alinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi. Kisha mtumie ujumbe: umekagua, umelipa kiasi hiki, sina waranti, naye ajibu sawa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimlindi mnunuzi aliyekagua kitu dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzionyesha. Ukimdanganya, hapo akidai hela yake anadai haki, mrudishie.

Friji ina jambo lake. Kesho yake utapigiwa: "Haigandishi, nirudishie hela!" Kabla ya kubishana muulize aliisafirishaje. Ikilazwa, oili ya kompresa huhama, hivyo inatakiwa isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Siku hizi namwambia mapema, kabla hata haijapandishwa kwenye gari, na simu za namna hiyo zimepungua sana.

Wa mkoani anayesema "tuma kwanza, nikiiona nalipa" namwomba kishika uchumba kinachotosha kufunga mzigo na nauli ya basi, na kilichobaki alipe kabla basi halijaondoka. Meseji ya malipo isikutoshe, angalia salio. Akidai kazidisha na anataka umrudishie kwenye namba nyingine, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake. Ukigundua ni tapeli, tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Wapo watakaotishia kukutangaza kwenye kundi kwamba wewe ndiye tapeli. Usijibizane nao. Mtumie admini mazungumzo yenu yote, pamoja na ile "sawa" yake, halafu endelea kuuza.