Kwako unayeanza kuandika riwaya za upelelezi hapa Mombasa

Miswada mingi ya vijana ninayoletewa huanza na bastola. Sura ya pili gari jeusi linafukuzwa Nyali, ya tatu maiti mbili. Mimi huuliza: huyo wa kwanza alizikwa saa ngapi? Kimya.

Kumbe hapo ndipo penye hadithi. Mtu akifa alfajiri, jamaa zake Waislamu watataka azikwe adhuhuri, ikichelewa sana alasiri. Sanda ishanunuliwa, kaburi lachimbwa, na polisi nao wanataka maiti ipasuliwe kwanza. Mweke mpelelezi wako hapo katikati, mbele ya ami wa marehemu anayesema, "Ni kadari ya Mungu, tupeni mtu wetu tukamsitiri." Ni ucha Mungu, au ana haraka ya jambo jingine? Bastola ya nini tena?

Bahari nayo uijue. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Ukiandika nyayo zimekutwa ufuoni saa ambayo maji yamefika ukutani, mvuvi atakifunga kitabu chako. Na kivuko cha Likoni je? Magari hulipa, waendao kwa miguu hawalipi. Basi mshukiwa anayedai usiku ule alikuwa ng'ambo hana tikiti ya kuonyesha, wala wewe huna ya kumkanusha. Itumie hiyo.

Nenda kortini ukakae nyuma usikilize. Kesi nyingi husikizwa hadharani. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila zikiishia siku isiyo ya korti. Mpelelezi anayemfungia mtu wiki nzima bila maelezo labda ndiye mhalifu wako.

Kuhusu pesa: kazi yako usiiache. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetuletea mpelelezi wa riwaya, Bwana Msa, mwaka 1960, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri. Mrabaha, fungu lako katika mauzo ya kitabu, huja kwa kuchelewa, na mara nyingi ni kidogo. Mkataba usome wote, hasa kifungu cha haki za filamu, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mswada ukiisha, mpe mtu asiyekuonea haya. Usimuulize kama ni mzuri. Muulize ni ukurasa gani alimjua muuaji.