Jibu: Usitangulize pesa yako kwa klabu ya kompyuta ya watoto, hata wakikuapia

Dada wa Mukuru, simamisha kila kitu. Jumatatu usikanyage sacco kuchukua huo mkopo.

Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani macho yangu yana shida. Unataka kuwafundisha kompyuta na roboti watoto wa Gredi ya 6 hadi 8 wakitoka shule, umepata shirika la kukufadhili mwaka mzima, na unauliza kuhusu usajili, vifaa, mshahara wa mwalimu na pa kupata wafadhili wengine. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, unasema watakurudishia pesa kila baada ya miezi 3 ukipeleka risiti, kwa hivyo utaanza na mkopo. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja.

Mimi nilisaini na shirika barua ya ufadhili ya aina hiyo mwishoni mwa 2023. Klabu yetu ilikuwa Huruma, chumba cha nyuma cha kanisa, na bajeti iliandikwa kwa dola. Nikachukua mkopo, nikamlipa mwalimu, nikanunua kompyuta za mitumba na vifaa vya Arduino (vibao vidogo vya kuundia roboti), na waya na betri kule Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi. Nikalipa kodi, tokeni za stima, bando na uji. Usicheke uji. Mtoto aliyekula saa sita, kama alikula, hawezi kukaa na Scratch, ile programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta, mpaka saa kumi na mbili jioni. Kufikia mwisho wa Januari 2024 shilingi 560,000 zilikuwa zimetoka.

Nikapeleka risiti. Mhasibu wa shirika alikuwa kijana mpole, ana chai yake pembeni. Akazitandaza mezani, akaanza kuzigawa mafungu mawili. Ya mama wa uji ilikuwa karatasi ya daftari la mistari: "vikombe 40 × 10 = 400", sahihi, na alama ya kidole chenye uji. Akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaniuliza ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi, iko wapi. Mwezi huohuo KRA ilikuwa imeanza kukataa kutambua gharama za biashara zisizo na ankara za eTIMS, na shirika likaamua kila anayeniuzia awe nayo. Mama wa uji! Mwenye chumba! Kijana wa mkokoteni aliyeniletea meza! Nikamwonyesha ujumbe wa M-Pesa, akasema huo unathibitisha kwamba nililipa, hauthibitishi nilinunua nini. Shilingi 80,000 zikabaki kwenye fungu la zilizokataliwa.

Hiyo ilikuwa salamu tu. Zile 480,000 walizokubali wakazigeuza dola kwa bei ya wakati nilipozitumia, na unakumbuka dola ilikuwa wapi Januari ile: shilingi 160. Zikawa dola 3,000, hesabu safi kabisa. Zikaingia Aprili. Katikati hapo serikali ilikuwa imeuza Eurobondi mpya, yaani imekopa dola kwa wawekezaji wa nje, mwezi wa Februari, shilingi ikapata nguvu, watu wakashangilia, na dola ikashuka hadi karibu 130. Nikapokea 390,000. Elfu 90 zimekwenda na hakuna aliyeiba. Jumla nimepoteza 170,000, kabla hata sijaja kwa riba.

Na sacco haijui mambo ya miezi 3. Marejesho yanaanza mwezi unaofuata. Ukichelewa wanawageukia waliokudhamini, kwa sababu akiba zao ndizo zimeshikwa. Mmoja wa wadhamini wangu ni shemeji. Mpaka leo ananisalimia kwa kutikisa kichwa, na Krismasi hukaa kiti cha mbali.

Sasa yule mshauri aliyenipeleka huko. Jamaa wa "kuandika proposal", suti ya bluu, kompyuta ina vibandiko vya kila kongamano la Nairobi. Nilimuuliza wazi: hii ya kutanguliza pesa ni salama? Akanijibu hata Marekani programu za watoto za baada ya shule hulipwa hivyo. Kweli, kuna ruzuku ya serikali ya huko inayoitwa 21st Century Community Learning Centers, na majimbo mengi huilipa baada ya gharama kutumika. Lakini huko mpokeaji mara nyingi ni wilaya ya shule au shirika lenye akiba na mhasibu wake. Hapa mpokeaji nilikuwa mimi na Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa. Yeye ada yake alitaka mapema, taslimu. Hiyo peke yake ingenifumbua macho.

Ripoti ya mwaka ya lile shirika ilipotoka, watoto wangu wako kwenye jalada wakishika kigari chao cha roboti. Nikatafuta orodha ya wafadhili. Sikuona jina langu, na nadhani mimi ndiye niliyechangia zaidi.

Kwa hivyo kanuni ni moja: pesa yao itangulie, yako isitangulie. Waandikie uombe malipo ya awali ya miezi 3 ya kwanza, na awamu inayofuata itoke ukishatoa hesabu ya ile ya kwanza. Kuna wafadhili hufanya hivyo wakiombwa. Wakikataa, wamlipe muuza kompyuta moja kwa moja na wamlipe mwalimu wenyewe. Bajeti iwe ya shilingi, au barua iseme hasara ya dola ikitokea itabebwa na nani. Na waandike kabisa kwamba gharama ndogo kama uji na mkokoteni zitakubaliwa kwa karatasi iliyosainiwa. Wakikataa yote hayo, anza na Scratch bila intaneti kwenye kompyuta mbili, ni ya bure, na watoto wapokezane.

Usajili wengine humu watakueleza, kuna sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022. Uliuliza pia kitu kuhusu mwalimu, nimesahau.

Ile barua yao ibandike hapa, ufiche majina, hasa ukurasa wa malipo. Kabla ya Jumatatu, tafadhali. Na kama mshauri wako ana suti ya bluu, niambie faraghani.