Maswali na majibu: Athletic Bilbao, klabu inayocheza na watoto wa nyumbani

Tangu Nico Williams aifungie Hispania kwenye fainali ya Euro 2024, maswali kuhusu klabu yake, ya mji wa Bilbao katika Nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, hayaishi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Ni kweli Athletic Bilbao hawasajili asiye Mbaski? Sheria hiyo imeandikwa wapi? (Morogoro)

Haimo kwenye katiba ya klabu. Ni mazoea yaliyoshika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1910, na mpaka leo hakuna rais aliyethubutu kuyagusa. Atayagusaje, wakati anapigiwa kura na wanachama? Athletic ni moja ya klabu nne tu za juu Hispania, pamoja na Real Madrid, Barcelona na Osasuna, ambazo bado ni mali ya wanachama wake, si ya kampuni.

Ila wengi mnakosea jambo moja: hawaangalii damu wala jina la ukoo. Mchezaji anatakiwa awe amezaliwa katika Nchi ya Wabaski, au awe amelelewa kisoka huko. Na nchi hiyo wanaihesabu kwa upana wake wote, mikoa saba: minne upande wa Hispania, Navarra ikiwemo, na mitatu upande wa Ufaransa. Ndiyo maana Aymeric Laporte, Mfaransa aliyezaliwa Agen, nje kabisa ya mikoa hiyo, aliweza kuvaa jezi yao. Alipitia kwanza klabu ya Bayonne, mji wa Kibaski upande wa Ufaransa, kisha akaingia akademi yao ya Lezama. Wapo wanaosema hapo kamba ilivutwa, na mimi sitabishana nao.

Majirani nao wana lao la kusema. Kijana akichomoza Navarra au Gipuzkoa, mikoa jirani, Athletic hawako mbali, na Osasuna, klabu ya Navarra, wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi.

Kinachonifurahisha ni kwamba klabu hii inayohesabia mwaka wake wa kuzaliwa 1898 imetokana na Waingereza. Soka lililetwa Bilbao na wafanyakazi wa Kiingereza waliofuata chuma na meli, na vijana wa mjini waliorudi kutoka masomoni Uingereza. Tena mazoea yale hayamhusu kocha. Fred Pentland, Mwingereza, aliwapa ubingwa wa ligi 1930 na 1931, na mwaka huo wa pili waliipiga Barcelona 12-1. Pentland alikuwa na kofia yake nyeusi ya duara. Timu ikishinda mechi kubwa, wachezaji waliivua kichwani mwake na kuikanyagakanyaga mpaka ikawa chapati. Alinunua kofia nyingi sana Bilbao.

Iñaki na Nico wazazi wao ni Waghana. Wanahesabiwaje Wabaski? (Mombasa)

Jibu la juu limeshamaliza nusu ya swali: Iñaki, kaka yake Nico anayecheza naye Athletic, alizaliwa Bilbao, Nico alizaliwa Pamplona, mkoani Navarra. Wazazi wao walitoka Ghana, wakavuka Sahara, sehemu ya safari kwa miguu, wakaruka uzio wa Melilla, mji wa Hispania ulioko Afrika Kaskazini. Padri aliyewapokea na kuwasaidia Bilbao aliitwa Iñaki, na mtoto wa kwanza akapewa jina lake.

Iñaki alicheza mechi 251 za ligi mfululizo, kuanzia Aprili 2016 hadi Januari 2023, bila kukosa hata moja. Kwa winga anayekimbia vile, sijui miguu ile imetengenezwa na nini. Yeye aliichagua Ghana na kwenda nayo Kombe la Dunia la 2022. Mdogo wake anaichezea Hispania. Na kabla yao, mwaka 2011, Jonás Ramalho, ambaye baba yake ni Mwangola, alikuwa ameshafungua mlango kama mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya wakubwa.

Mbona Mariga wetu alicheza kwa Wabaski? (Nairobi)

McDonald Mariga alikuwa Real Sociedad, ya San Sebastián, kwa mkopo kutoka Inter mwaka 2011. Hao ni watani wa Athletic. Nao walikuwa na utaratibu wa aina hiyo hiyo, wakauvunja 1989 walipomsajili John Aldridge, mshambuliaji wa Ireland, kutoka Liverpool.

Mimi ni Simba damu. Hawa nao kwa nini wanaitwa Simba? (Kariakoo)

Kwa sababu ya mtakatifu. Uwanja wao, San Mamés, una jina la Mamés, Mkristo wa kale ambaye inasimuliwa alitupiwa simba, na simba wakakataa kumla. Uwanja wa kwanza ulifunguliwa 1913, na huu wa sasa ulijengwa pembeni yake, ukafunguliwa 2013.

Ukienda, utaona sanamu ya kichwa na mabega ya Rafael Moreno, "Pichichi", aliyefunga bao la kwanza kabisa uwanjani hapo. Alicheza akiwa amefunga leso nyeupe kichwani, na alifariki 1922 akiwa na miaka 29. Timu inayofika San Mamés kwa mara ya kwanza, nahodha wake huweka maua mbele ya sanamu hiyo. Tuzo ya mfungaji bora wa La Liga ina jina lake.

Jezi zao na za Atlético Madrid zinafanana. Nani kamwiga mwenzake? (Tabora)

Atlético ilianzishwa 1903 na wanafunzi wa Kibaski waliokuwa Madrid, kama tawi la Bilbao. Wote walivaa bluu na nyeupe. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa 1909 Juan Elorduy alitumwa Uingereza kununua jezi mpya za rangi hizo, akazikosa, na akiwa Southampton akabeba za timu ya pale, nyekundu na nyeupe, zikavaliwa na klabu zote mbili.

Wanaishije bila kununua mastaa? (Kigoma)

Kwa Lezama, na kwa ubishi. Anayemtaka mchezaji wao huelekezwa kwenye kifungu cha kuvunja mkataba, alipe chote. Chelsea walilipa euro milioni 80 kumchukua kipa Kepa mwaka 2018. Barcelona walimtaka Nico kiangazi cha 2025, naye akasaini kubaki hadi 2035. Athletic, Real Madrid na Barcelona ndizo pekee ambazo hazijawahi kushuka daraja.

Ile boti waliyopanda baada ya kombe ni ya nini? (Zanzibar)

Ni tishari, chombo cha kubebea mizigo, wanakiita gabarra. Walikipanda mtoni Nervión walipotwaa ubingwa 1983, wakarudia 1984. Baada ya hapo kikakaa miaka 40 bila shughuli hiyo, hadi Aprili 2024 walipoifunga Mallorca kwa penalti 4-2 kwenye fainali ya Kombe la Mfalme. Inakadiriwa watu milioni moja walijipanga kando ya mto, wakati Bilbao yenyewe ina wakazi kama 350,000.